Ziwa Albert: msimtie mtoto wa watu ndani ya pipa

MAHAGI-PORT, Ituri. – Kila boti inapozama kwenye Ziwa Albert, sauti mbili zinapanda ufukoni. Ya kwanza ni ya wakubwa: maji ni marefu, vifaa hakuna, poleni sana, Mungu awafariji. Ya pili ni ya vijana wa atelye za kuchomelea: tupeni vyuma, tutajitengenezea nyambizi, tutashuka wenyewe kutafuta ndugu zetu. Ya kwanza watu wanaisikiliza wakiinamisha kichwa. Ya pili wanaipigia makofi. Zote mbili zinastahili kupingwa, na si kwa sababu moja.

Wakubwa waanze. Maji ya Ziwa Albert si marefu. Ziwa ni pana, lina karibu kilomita 160 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine na kilomita 30 hivi kutoka Kongo hadi Uganda, lakini chini yake ni kama sahani. Sehemu yenye kina kuliko zote ni mita 50 na kitu. Ziwa Kivu linashuka mita 485. Tanganyika, wanakovulia watu wa Uvira na Kalemie, inafika karibu mita 1,470. Mita 50 ni nusu ya uwanja wa mpira.

Kule Mombasa, tarehe 29 Septemba 2019, gari lenye mama na mtoto wake wa kike liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni likazama. Lilikutwa mita 58 chini, kwenye mlango wa bahari wenye mkondo mkali, ambapo meli kubwa zinapita kila siku. Tarehe 11 Oktoba lilitolewa, na miili ikapewa familia. Wakenya walikasirika kwamba karibu wiki mbili ni nyingi mno, na walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini gari lilitoka. Kwa hiyo mkubwa yeyote anayesimama kwenye mchanga wa Mahagi-Port, Tchomia ao Kasenyi na kusema ziwa ni refu, aulizwe swali moja tu: refu kuliko Likoni?

Familia zilizo kwenye site za wakimbizi wa ndani zinajua kwa nini swali hilo linauma. Tarehe 22 Machi 2014 boti iliyojaa Wakongo waliokuwa wakirudi nyumbani kutoka kambi ya Kyangwali, Uganda, ilipinduka kwenye ziwa hili, na miili zaidi ya 100 iliopolewa. Tangu vurugu za Djugu zilipowaka Desemba 2017, makumi ya maelfu walivuka ziwa kwa mitumbwi kuelekea upande wa Hoima, usiku, bila jile, watoto wamefungwa mgongoni. Wengine hawakufika ng'ambo. Kuna mama ambao mpaka leo hawajui kama wakae kilio ao wasubiri. Sheria ya familia ya Kongo inaruhusu mahakama kutangaza kifo cha mtu aliyepotea katika hatari ya namna hiyo bila mwili kuonekana. Ni vizuri. Lakini karatasi ya mahakama haizikwi, na njia ya kuipata ukiwa unalala chini ya hema ni ndefu kuliko ziwa lenyewe.

Na mambo haya hayako Ituri tu. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi, ikitoka Minova kwa sababu barabara zilikuwa zimefungwa na vita, ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiangalia kutoka nchi kavu. Hesabu ya vifo iligeuka kadiri ya mkubwa aliyeshika mikro. Pale ambapo hakuna anayeshuka chini kuangalia, kila mtu ana hesabu yake.

Sasa vijana. Hao hawastahili kuchekwa. Wale wanaosema nyambizi ni kitu cha wazungu wakumbuke kwamba nchi hii ina watu wenye mikono. Roboti za kuongoza magari ambazo Kinshasa iliziona kuanzia 2013 zilitoka kwenye kichwa cha mhandisi Mkongo, Thérèse Kirongozi. Mkongo mwingine, Jean-Patrice Keka, alirusha maroketi yake ya Troposphere kutoka Menkao, nje kidogo ya Kinshasa. Roketi ya 5, mwaka 2009, ilikwenda kombo badala ya kwenda juu, na panya aliyekuwa ndani akafa. Watu walicheka sana. Wangecheka kidogo zaidi kama wangefikiri jambo moja: Keka alitia panya, hakutia mtoto wa jirani.

Hapo ndipo makofi ya Mahagi-Port yanapogeuka hatari. Makofi yanataka kuona mtu akiingia ndani, kifuniko kikifungwa, chombo kikishuka, simu zikipiga picha. Siku hiyo ikifika kabla ya hesabu kufanyika, ziwa litaongeza maiti mmoja juu ya wale linaowaficha.

Hesabu yenyewe si ya chuo kikuu. Kila mita 10 za maji zinaongeza uzito wa karibu kilo 1 juu ya kila sentimita mraba ya ukuta. Kwenye mita 50 ni kilo 5. Kilo 5 haionekani kitu, mpaka uizidishe kwa eneo lote. Kifuniko cha duara chenye sentimita 60, yaani tundu ambamo mtu mzima anapita kwa shida, kina zaidi ya sentimita mraba 2,800. Kwenye mita 50 kinabeba tani 14: Fuso lililojaa mizigo limeegeshwa juu ya mlango. Kidirisha cha sentimita 20, cha kuchungulia tu, kinabeba zaidi ya kilo 1,500.

Mzigo huo hauko juu tu. Maji yanasukuma kutoka pande zote, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanasema: mbona tangi la esansi linabeba maelfu ya lita wala halipasuki? Mbona chupa ya gazi inashikilia presha kubwa? Ndiyo, lakini presha ya ndani inavuta chuma, inakinyoosha, inakifanya kiwe duara zaidi. Presha ya nje inafanya kinyume. Ikikuta sehemu moja imebonyea kidogo, inaisukuma pale pale, na kadiri inavyobonyea ndivyo inavyodhoofika, mpaka inakunjika kwa pigo moja. Haitoi onyo la kutosha mtu kusema ee.

Mwenye shaka achukue pipa la lita 200, lile la mafuta ambalo vijana wanalitaja kila mara kwa sababu linapatikana. Atie maji kidogo ndani, ayachemshe mpaka mvuke utoke kwa nguvu, aondoe moto, kisha afunge kifuniko vizuri na kumwagia maji baridi kwa nje, akisimama mbali. Pipa litajikunja kama karatasi. Kilicholikunja ni hewa hii tunayopumua, ambayo nguvu yake haizidi kilo 1 kwa sentimita mraba. Ni sawa na mita 10 za maji, wala si zaidi. Mama yeyote aliyewahi kutia maji ya moto kwenye bidoni ya njano, akaifunga, akaikuta asubuhi imeingia mbavu, ameshaona jambo hilo hilo kwa udogo wake.

Hesabu ya wahandisi inasema ukuta wa pipa la kawaida, wa unene wa milimita 1 hivi, kama usingekuwa na zile mikunjo zinazouzunguka, ungeanza kukunjika kwenye mita 4 ao 5. Mikunjo inausaidia, lakini si mpaka chini ya Ziwa Albert. Bamba la milimita 3, linene kuliko lile la mageti mengi ya mjini Bunia, likikunjwa kuwa bomba la mita 1 upana na mita 2 urefu, litakunjika karibu na mita 13, na hiyo ni kama ni duara kamili, jambo ambalo nyundo ya atelye haiwezi kuahidi. Sasa chukua bamba la milimita 10, umbo lile lile. Linafika, kwa hesabu, zaidi ya mita 250. Unene umepanda mara 3 na kidogo, nguvu imepanda mara 20. Ukizidisha unene mara mbili, nguvu ya kukataa kukunjika inapanda zaidi ya mara tano. Mapete ya chuma yakichomelewa ndani kila nusu mita, inapanda tena mara nne hivi.

Kwa hiyo ukweli uko katikati, na unawaudhi wote wawili. Kwa mkubwa anayesema haiwezekani: milimita 10 za chuma cha kawaida, duara nzuri na mapete, vinatosha kwa ziwa hili na akiba kubwa inabaki. Kwa kijana anayesema inawezekana kesho: si kwa bati ulilo nalo.

Wala ukuta si mahali pa kwanza pa kufa. Wengi wakishatengeneza bomba wanaliziba kila upande kwa bamba bapa, kama kopo la tomate. Bamba bapa la mita 1 kwenye mita 50 linabeba tani 39. Lile la milimita 10 ambalo lingekuwa ukuta imara kabisa, likiwekwa bapa pale mwisho, litapinda na kupasuka kwenye mshono kabla ya kufika chini. Ncha zinatakiwa ziwe za mviringo, kama kitako cha chungu. Umbo la chungu linagawa mzigo; mabibi wa Kialur wanaofinyanga walijua zamani kwamba chungu bapa hakipo. Kila tundu linalokatwa ukutani, la dirisha, la waya, la mlango, linatakiwa kurudishiwa chuma kuzunguka kingo zake. Tundu dogo la sentimita 1 kwenye mita 50 linaingiza karibu lita 90 kwa dakika, bidoni nne na nusu.

Mlango nao una ubaya wake ambao picha za sinema hazionyeshi. Mlango unaofunguka kwa nje unabanwa na maji yenyewe, na hiyo ni faida, unaziba vizuri. Lakini kabini ikikwama mita 3 tu chini, mahali ambapo watoto wanapiga mbizi wakicheza, yule aliye ndani anatakiwa kusukuma zaidi ya kilo 800 ili atoke. Hataweza. Wala wanne hawawezi. Ni lazima aingize maji ndani mpaka presha ilingane, na awe amejifunza kufanya hivyo bila kupagawa, gizani. Nani ufukoni amewahi kulisema hilo wakati wa makofi?

Halafu hewa. Watu wawili ndani ya kabini ya ukubwa huo hawafi kwanza kwa kukosa oksijeni. Wanalemewa na ile hewa chafu wanayoitoa wenyewe. Baada ya saa moja na kidogo kichwa kinaanza kuuma, pumzi inakwenda mbio, akili inapungua, na mtu anaanza kufanya maamuzi ya mlevi. Chokaa maalum ya kunyonya hewa hiyo ipo, mahospitali yanaitumia kwenye mashine za kulaza wagonjwa wa operesheni, lakini haiuzwi kwenye soko la Mahagi. Na kabla ya yote, kabini hiyo itakataa kuzama. Inasukuma maji ya kilo 1,570, na chuma chake, pamoja na ncha zake, kina kilo 600 na kitu. Ongeza watu wawili, bado unatafuta kilo 800 za mawe ao vyuma vya kuishusha, na namna ya kuviachilia haraka shida ikitokea. Mawe yaliyofungwa kwa kamba ya nailoni yenye mafundo matano si namna ya kuviachilia haraka.

Kuna watakaosema: haya ni maneno ya kuwavunja moyo vijana wa Afrika, wazungu wangepewa pesa. Wazungu walipewa pesa. Tarehe 18 Juni 2023 nyambizi Titan ya kampuni ya OceanGate ya Marekani ilikandamizwa na maji ikielekea kwenye mabaki ya meli Titanic, karibu mita 3,800 chini ya Atlantiki. Watu 5 walikufa mara moja, pamoja na mkurugenzi wake, Stockton Rush. Pesa zilikuwapo. Kilichokosekana ni kusikiliza. Ukuta ulikuwa wa nyuzi za kaboni, chombo hakikupitishwa na shirika lolote la ukaguzi wa meli, na mfanyakazi aliyetoa onyo mwaka 2018 alifukuzwa kazi. Mwaka huo huo wataalamu wa nyambizi waliandika barua ya wasiwasi. Majibu yalikuwa kwamba ukaguzi unachelewesha ubunifu. Maneno hayo hayo, kwa Kiswahili, yanasikika kwenye atelye za huku: usituletee karatasi, sisi tunafanya kazi.

Tofauti na hao, wapo waliofanya polepole wakaishi. William Beebe na Otis Barton walishuka mita 923 karibu na visiwa vya Bermuda mwaka 1934, ndani ya mpira wa chuma wenye kipenyo kisichofika mita moja na nusu, ukining'inia kwenye kebo. Miaka miwili kabla, waliushusha mtupu kuujaribu. Ulipanda umejaa maji. Walipolegeza bolti moja ya mlango, ile bolti iliruka kama risasi na kuvuka sitaha yote. Kama wangekuwa ndani, historia yao ingeishia hapo.

Profesa Auguste Piccard naye, aliyefundisha Bruxelles, alitengeneza chombo FNRS-2 kwa pesa za mfuko wa utafiti wa Ubelgiji, wakati Kongo ilikuwa bado koloni ya Wabelgiji. Kila msomaji ajiulize mwenyewe utajiri wa nchi ile ulikuwa unatoka wapi. Tarehe 3 Novemba 1948, baharini karibu na Cap-Vert, alikishusha hadi mita 1,380. Ndani hapakuwa na mtu. Hata karibu na pwani ya Waswahili, visiwani Comoro, Januari 1987, Mjerumani Hans Fricke na wenzake walipomwona kwa mara ya kwanza yule samaki wa kale anayeitwa gombessa akiogelea nyumbani kwake, karibu mita 200 chini, walikuwa kwenye nyambizi ndogo ya watu wawili tu. Ndogo, ya chuma, isiyo na mbwembwe. Haikuhitaji jeshi.

Kwa hiyo vijana wa Mahagi-Port wanaweza. Lakini wajaribu wapi? Hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni. Desturi ya kazi hii ni kukijaribu chombo kupita kina kitakachofanyia kazi, tuseme mara moja na nusu. Kwa mita 50 hiyo ni mita 75. Ziwa Albert halina mita 75 popote. Kabini inayofika chini salama mara moja imeonyesha tu kwamba haikuvunjika siku hiyo, haijaonyesha akiba. Kivu ina kina cha kutosha, lakini safari ya kubeba chuma cha tani moja kutoka Mahagi mpaka huko, kwa barabara za leo na vizuizi vyake, kila mtu anaijua.

Njia zipo. Ya kwanza: kabini ikiwa tupu, imefungwa, hewa ivutwe nje kwa pompi. Ukuta utabeba kilo 1 ya ziada, kama mita 10 za maji. Ikishushwa hivyo hadi chini kabisa ya ziwa, ni kama iko mita 60. Ya pili ni nzuri zaidi na rahisi: modeli. Bomba la sentimita 10 lenye ukuta wa milimita 1 linakunjika kwa presha ile ile ya bomba la mita 1 lenye ukuta wa milimita 10, kama urefu na umbo vinafuata kipimo hicho hicho. Modeli hiyo inaingia ndani ya bomba nene la chuma lililojaa maji, hewa yote ikiwa imetolewa, na inasukumwa kwa pompi ya mkono ambayo mafundi wa mabomba wanatumia kujaribu mifereji ya majumbani. Kwa maji, si kwa hewa! Bomba lililojaa hewa ya presha likipasuka ni bomu. Lililojaa maji linavuja tu. Vunjeni modeli kumi namna hiyo, muone ni kwa kilo ngapi kila moja imekunjika na imeanzia wapi, mtakuwa mmejua zaidi ya alichotaka kujua yule mkurugenzi wa Marekani.

Mishono ya kulehemu nayo ina kipimo cha maskini: paka chaki nje, paka petroli ya taa ndani, ngoja. Doa likitokea kwenye chaki, mshono una tundu. Na duara ipimwe kwa fimbo ndani, pande zote. Kipenyo cha mita 1 kikitofautiana zaidi ya nusu sentimita kati ya upande na upande, nguvu ya kwenye karatasi imeanza kupotea.

Lakini swali kubwa kuliko yote halijaulizwa na mtu: kwa nini mtu awe ndani? Kabini inatafutwa kwa ajili ya kuona. Katika maji ya joto kama ya Albert, miili mingi inapanda yenyewe baada ya siku chache, na wavuvi ndio wanaoiokota, bila mshahara na bila glavu. Inayobaki chini ni ile iliyonaswa ndani ya boti ao kwenye nyavu. Hao wanatakiwa kuonekana kwanza, boti ijulikane iko wapi na imelala namna gani. Kazi hiyo haihitaji mtoto wa watu. Inahitaji bomba fupi la chuma la sentimita 20, kidirisha cha sentimita 8 ambacho kwenye mita 50 kinabeba kilo 250 tu, tochi kali, simu ya kawaida inayorekodi video, na kamba ya mita 70. Mtandao haupiti ndani ya maji, kwa hiyo unashusha, unangoja, unapandisha, unatazama. Likivunjika, umepoteza simu. Karibu na midomo ya mito maji ni tope na picha haitaonyesha kitu. Huko mashine ndogo ya wavuvi ya kutafuta samaki kwa sauti itafanya kazi zaidi ya dirisha lolote.

Ng'ambo ya ziwa, upande wa Uganda, makampuni ya mafuta ya Tilenga na Kingfisher yamejenga mradi ambao bomba lake, EACOP, lina kilomita 1,443 na kipenyo cha inchi 24. Chuma kinene cha duara kamili kinapita kwenye barabara za jirani kwa maelfu ya vipande, wakati upande huu watu wanapiga mapipa kwa nyundo. Serikali ya jimbo la Ituri haihitaji kununua nyambizi Ulaya. Iombe ao inunue kipande kimoja cha mita 2 cha bomba kama hilo, iwape shule za ufundi.

Na kabla mtu hajafikiria kuopoa boti iliyopinduka, wakumbuke MV Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996 ilipinduka karibu na Mwanza, na watu wanaokadiriwa kati ya 800 na 1,000 walikufa. Meli ilikuwa bado inaelea, kitako juu, na ndani kulikuwa na watu hai wanaogonga, wakipumua hewa iliyonaswa. Waokoaji walikata tundu ili wawatoe. Hewa ilitoka, ile hewa ndiyo iliyokuwa inaibeba meli, ikazama. Walioshika mashine ya kukata hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na haraka, na umati ulikuwa unapiga kelele za kuwahimiza.

Kwa hiyo umati wa Mahagi-Port, siku kabini ya kwanza itakapoletwa mchangani kwa mkokoteni, uangalie mambo matatu: ncha zake ni za mviringo ao ni bapa, imeshashushwa mtupu mara ngapi, na ilipopandishwa ndani kulikuwa na kikombe kimoja cha maji ao kavu. Kamanda wa kikosi cha majini na mkubwa wa bandari, ambao kila siku wanapitisha boti zilizojaa kupita kiasi kwa kusaini karatasi, wasaini na hii moja: hakuna mtu kuingia ndani mpaka iwe imeshuka mara kumi bila mtu na kupanda kavu mara kumi.